Draya inapasha moto lakini nguo hazikauki

Swali: Fundi, habari za kazi. Nipo Columbus, Ohio. Mwezi uliopita tulihamia nyumba nyingine, tukaja na draya yetu ya umeme, ina miaka sita. Tangu tuhame nguo hazikauki kwa mara moja. Nikiweka taulo na jinzi za watoto, nazungusha mara mbili hadi tatu, saa mbili zinakatika. Nikifungua mlango joto lipo, tena mashine kwa juu imekuwa ya moto kuliko zamani, na dirisha la chumba cha kufulia linatoa jasho. Nikiiweka kwenye otomatiki inazima mapema, nguo bado mbichi. Jirani ameniambia hita imekufa, ninunue nyingine. Mume wangu naye anasema, kwa kuwa baridi inakuja, tuchomoe lile bomba la nyuma ili joto libaki ndani. Nifuate lipi?

Jibu: Salama dada, pole kwa usumbufu. Hita usinunue, na bomba msichomoe.

Dalili ulizoandika zinatosha kuonyesha tatizo lilipo. Hita iliyokufa haitoi joto, na yako inatoa hadi bati la juu linaunguza. Dirisha linatoa jasho kwa sababu hewa yenye maji, ambayo ilitakiwa itoke nje, inarudi chumbani. Tena shida imeanza baada ya kuhama. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni bomba lililofungwa nyuma yake. Hewa yako haina njia.

Wengi wanadhani draya inakausha kwa moto. Inakausha kwa upepo; moto unausaidia tu. Aliyeishi Pwani analijua hili bila kufundishwa. Masika, Dar au Mombasa, unaanika kanga asubuhi, joto lipo la kutosha, lakini hewa imeshiba maji na upepo umetulia. Jioni unaianua ina ubichi na imeanza kunuka uvundo. Kaskazi ikivuma, kanga hiyohiyo haimalizi saa moja kwenye kamba. Ndani ya draya feni inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye hita, inaingia kwenye pipa linalozungusha nguo, inabeba maji, inapita kwenye chujio, halafu inasukumwa nje kupitia bomba. Njia ikibana, hewa iliyoshiba maji inabaki humohumo. Joto linapanda, thamostati, yaani kidhibiti joto, inakata hita, mashine ikipoa inaiwasha tena, na hivyo hivyo kwa saa mbili. Nguo zinachemka badala ya kukauka, na wewe unalipia umeme.

Kwa hiyo anza nyuma ya mashine. Zima breka yake kwanza, ile swichi iliyo kwenye boksi la umeme la nyumba. Kwa Marekani draya ya umeme huwa na breka pacha ya ampea 30, kwa sababu inatumia volti 240. Kisha chomoa plagi, mwite mzee akusaidie, muivute mbele taratibu. (Anayesoma hapa mwenye draya ya gesi asiivute mwenyewe, bomba la gesi likivunjika ni hatari kubwa.) Sasa tazama bomba la hewa. Nikiitwa kwenye nyumba ambayo watu wamehamia karibuni, mara nyingi nalikuta lile la foili linalokunjika, limebanwa kati ya mashine na ukuta hadi limekuwa bapa kama chapati. Waliohamisha mizigo walisukuma draya ikae vizuri, hakuna aliyetazama nyuma.

Kama ni hilo la foili au la plastiki, litupe. Mikunjo yake inakamata manyoya ya nguo, na plastiki inashika moto. Nunua bomba gumu la bati, laini kwa ndani, kipenyo inchi 4. Viungo vifunge kwa tepu ya aluminiamu, usipige skrubu, maana ncha inayotokeza ndani inaanza kukusanya manyoya siku hiyohiyo. Njia iwe fupi na nyoofu kadiri inavyowezekana. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinaweka ukomo wa futi 35 kwa bomba la draya, na kila kona ya nyuzi 90 kwa kawaida inakula futi 5 kati ya hizo. Mwenye kona mbili amebakiwa na futi 25. Kijitabu cha mashine yako kikitaja urefu mwingine, fuata hicho.

Usiishie kwenye kipande unachokiona. Kipande kilicho ndani ya ukuta ni cha waliokutangulia katika nyumba hiyo, na hujui waliacha nini humo. Kuna nyumba niliingiza brashi ndefu ya kusafishia bomba, futi ya kwanza ikapita, ya pili ikagoma. Nilipoivuta ikaja na donge lililoshindiliwa kama pamba ya godoro kuukuu, rangi ya buluu ya jinzi, katikati bado lina unyevu na uvuguvugu. Mama wa nyumba hiyo alikuwa ameshabadilisha hita mara mbili. Pitisha brashi pande zote mbili, umalizie kwa vakyumu.

Halafu toka nje, mmoja abaki ndani aiwashe mashine. Kifuniko cha bomba ukutani kinatakiwa kifunguke chenyewe na upepo uupige mkono wako sawasawa. Ukitoka kama pumzi ya mtoto, bado pameziba. Ukikuta wavu umefungwa hapo kuzuia ndege, utoe. Manyoya yanauziba haraka sana. Ndege nao wanapenda kujenga humo, na baridi ikifika theluji inaweza kukifunika, kwa hiyo kifukue kila mnapofukua njia ya gari.

Naling'ang'ania bomba hili si kwa ajili ya taulo tu. Manyoya yale yanashika moto upesi. Ofisi ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia zimamoto ilikadiria, kwa miaka ya 2008 hadi 2010, kwamba draya zilihusika na moto 2,900 majumbani kila mwaka, vifo 5 na majeruhi 100. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ni kutosafishwa.

Kuhusu ushauri wa shemeji yangu, nia yake ni njema, lakini kilo 4 za nguo zilizotoka kukamuliwa zinaweza kuwa na lita 2 za maji. Ukichomoa bomba, maji yote hayo yanaingia kwenye kuta na dari, kila siku ya kufua. Ukungu mweusi unafuata, na mwenye mtoto wa pumu ataulipia. Kwa draya ya gesi ni kifo kabisa, maana ule moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kuzima mapema kwenye otomatiki kuna sababu yake nyingine. Ndani ya pipa, karibu na chujio, utaona vipande viwili vyembamba vya chuma vimelala sambamba. Ni sensa ya unyevu: nguo mbichi ikivigusa vyote viwili umeme kidogo unapita, na mashine inajua maji bado yapo. Vile vikaratasi vya kulainisha nguo vinaacha utando kama nta juu yake, umeme haupiti, mashine inadhani nguo zimekauka. Visugue kwa kitambaa chenye siki au spiriti. Utando huohuo unaziba chujio bila kuonekana. Lichomoe ulipeleke kwenye sinki, ulimwagie maji: yakituama juu badala ya kupita, lioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi laini, likauke ndipo ulirudishe. Manyoya yenyewe yatoe kila unapomaliza mzunguko.

Siku mashine ikizunguka huku nguo ni baridi kabisa, hapo ndipo tutazungumza habari ya hita. Hata siku hiyo, anza na breka. Mota inatumia volti 120, hita inataka 240. Upande mmoja wa breka ukikatika pipa linaweza kuzunguka kama kawaida na joto lisiwepo. Izime kabisa, kisha uiwashe. Ikishindikana, mwenye kujua kutumia multimita, akiwa amechomoa plagi na kutenga nyaya, apime hita: nyingi husoma karibu na omu 10. Fyuzi ya joto inatakiwa isome karibu na sifuri. Isiposoma kitu imekatika. Usikubali fundi yeyote aiunganishe kwa waya ili mashine iwake. Fyuzi ile ilijitoa ili nyumba isiungue, na mara nyingi kilichoikata ni bomba hilohilo lililoziba.

Jambo moja hukuuliza, lakini sisi tunaokaanga sana maandazi na sambusa lazima nilitaje. Vitambaa vya jikoni vilivyolowa mafuta msivitie kwenye draya, hata kama vimefuliwa. Mafuta hayaishi yote, na vikitoka vya moto vikarundikwa kapuni vinaweza kujipasha vyenyewe hadi vikawaka, saa kadhaa baadaye. Vianike kwenye kamba.

Bomba likishakuwa safi, jaribu na zilezile taulo na jinzi. Zikikaa zaidi ya saa moja, tazama kwanza kama mashine ya kufulia inakamua vizuri. Nguo ikidondosha maji, kosa liko huko. Kama inakamua, niandikie namba ya modeli ya draya, ipo kwenye kibandiko pembeni mwa mlango kwa ndani, uniambie na upepo ule wa nje umeuonaje mkononi.