"Ombi lako linashughulikiwa" — na nani?

Msomaji wa Kilifi anauliza: kuna redio kipindi chake cha asubuhi kimejaa matusi watoto wakienda shule, na yeye anataka serikali imuonyeshe wananchi wameishtaki mara ngapi na ikaamuliwa nini. Sasa kwenye barua aandike malalamiko ama malalamishi? Anasema ya kwanza alituma kwa imeli, akajibiwa "Ombi lako linashughulikiwa", basi.

Swali lenyewe ni jepesi. Yote mawili sawa. Pika imezaa mpishi na mapishi, andika ikazaa mwandishi na maandishi, kwa hivyo lalamika ikizaa mlalamishi na malalamishi haijakosea mtu. Dar watakwambia malalamiko na mlalamikaji, Nairobi malalamishi, andika unalopenda. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 hapa Kenya inasema ombi liwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hivyo usikubali karani akwambie ukatafsiri.

Ila hilo "linashughulikiwa" jamani! Hapo ndio presha yangu hupanda.

Shughuli tuliitoa kwa Waarabu ikiwa kazi, kazi ya mtu kutoka jasho. Hebu liangalie tulivyolifanya. Li- ni ombi. -na- ni sasa, lakini sasa isiyo na mwisho, leo linashughulikiwa, Ramadhani linashughulikiwa, mwakani Mungu akipenda bado linashughulikiwa. Halafu hiyo -w- ya mwisho imemtoa mtu ofisini kabisa, imebaki koti kwenye kiti. Nani anashughulikia? Hatajwi. Anafanya nini hasa, anatafuta faili, anasoma sheria, anakunywa chai? Hujui. Wengine ndio huongeza pilipili, "linaendelea kushughulikiwa ipasavyo", na ukimuuliza ipasavyo ni vipi hata aliyeandika atakodoa macho.

Sio kwamba nalichukia neno. Ukiambiwa mgonjwa wako anashughulikiwa sawa, nesi unamuona na glavu zake mkononi. Hata "tutalishughulikia" naivumilia, kuna tu- pale mbele, angalau kuna watu wa kulaumu.

Lakini kwa barua ya serikali hilo ni neno la kukwepa, maana sheria haikuuliza kama ombi linashughulikiwa, inataka uamuzi ndani ya siku 21: tunakupa, ama hatukupi na sababu ni hii. Kuongeza muda ni mara moja tu, siku zisizozidi 14. Na wewe kueleza unataka hizo rekodi za nini sio sharti. Majina ya walioshtaki redio wanaweza kuyafunika kulinda faragha yao, sawa, lakini kituo gani, kipindi gani na kiliamuliwa nini sioni faragha ya mtu hapo. Muda ukipita hawajajibu, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kumuomba Ombudsman, yaani ile tume inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, aupitie uamuzi huo.

Kwa hivyo ndugu yangu waandikie tena na uwabane kwa kauli ya kutenda: nani anashughulikia, cheo chake kipi, ataamua tarehe ngapi. Wakikujibu "swali lako linashughulikiwa", piga printi, ibandike nyuma ya barua ya Ombudsman.