Mkungu wa mavuno

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Ujumbe wako nimeupata, nikamsomea na mama yako. Unauliza fungu la kumi ulitoe kwenye mshahara mzima, au kwenye kinachobaki baada ya kodi, NSSF na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mama yako alijibu kabla sijamaliza kusoma: mzima! Malaki amesema zaka kamili, na kamili ni kamili. Mimi nikatoka nje, nikakaa nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeukumbuka ule mkungu.

Ulikuwa mdogo, mwaka 2001, bei ya kahawa ilipoanguka dunia nzima. Tulichuma, tukamenya, tukaosha, tukaanika, na fedha yote haikutosha ada ya kaka yako. Nilikuwa na uchungu. Jumamosi ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno niliingia kihambani, kwenye migomba yetu ya nyumbani, nikaupita mkungu wa mgomba wa mshare uliokomaa vizuri, nikaenda kukata ule wa mgomba ulioangushwa na upepo. Ndizi zake nyembamba kama vidole vyako vya wakati ule. Nikasema moyoni, Mungu naye anaijua bei ya kahawa.

Baada ya ibada, mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka. Mayai ya bibi yako yaligombaniwa: mtu ananunua, anayarudisha mezani, yananadiwa tena. Ikafika zamu yangu. Mwendesha mnada aliunyanyua mkungu kwa mkono mmoja. Mtu akasema kwa sauti, "Huo si wa ng'ombe?" Watu wakacheka. Nimesimama pale na suti yangu ya harusi, hakuna anayetaja bei. Kisha nikasikia, "Mia mbili."

Alikuwa mama yangu, bibi yako huyo huyo. Akafungua fundo la kitenge, akalipa, akajitwika mkungu wa mwanawe. Nilitaka kumpokea, akakataa. Jioni akakutuma wewe uje kuniita. Alikuwa amepika mtori, supu nzito ya ndizi, kwa mkungu ule ule. Hakunigombeza hata neno moja. Aliomba muda mrefu, akashukuru kwa mvua, kwa kahawa ile ile iliyonitia uchungu, kwa migomba ambayo upepo uliiacha, kwa mimi. Tukala. Mtori ulikuwa na ukakasi wa ndizi changa, na hata leo nikila mtori ninauonja.

Umeshanisikia nikisema: kutoa ni kushukuru, si kulipa. Soma Kumbukumbu la Torati 26. Anayeleta kikapu cha malimbuko haulizwi uzito wake. Anaambiwa asimulie alikotoka, utumwa wa Misri na jinsi Mungu alivyomtoa huko. Ndiyo maana wanaohubiri toa laki upokee milioni wananiudhi. Huo ni mkopo wenye riba, na wanamkopesha nani? Mwenye vyote!

Lakini sitaki nikudanganye. Nimehesabu sadaka usharikani miaka mingi, najua shukrani isiyo na kiasi huishia mdomoni. Mwinjilisti ana watoto, na bati la kanisa halinunuliwi kwa moyo wa ukunjufu peke yake. Mimi mwenyewe, siku ile niliyojiachia nipime kwa moyo, moyo ulipima mkungu wa upepo. Basi huenda mama yako ana haki. Huenda kiasi kimewekwa kwa ajili ya miaka kama ule. Halafu nakumbuka bibi yako hakuwahi kupiga hesabu ya sehemu ya kumi ya kitu chochote, na hakuna aliyetoa kama yeye.

Kabla ya makato au baada? Jibu langu ninalo, na mama yako analijua, ndiyo sababu ananikodolea macho ninavyoandika. Silisemi. Mshahara ni wako, na aliyekupa unamjua. Kutoa ni kushukuru, mwanangu.

Ule mshare wa kando ya mfereji umetoa mkungu mkubwa. Nimeshawaambia watu wote hapa nyumbani usiguswe, ni wa mavuno.

Baba yako