Kwa Mkazi wa Dar es Salaam Anayeanza Kuruka na Paraglaida: Upepo, Mchanga na Chumvi

Dar es Salaam haina mlima wa kurukia na paraglaida, bawa la kitambaa linalombeba rubani aliyeketi kwenye kiti kilichoning'inizwa chini yake kwa kamba. Vilima vya Pugu ni vifupi na vimefunikwa na msitu, na mtu anayetaka kuruka kutoka juu hana budi kusafiri hadi kwenye milima, iwe ya Uluguru au ya Usambara, au kuvuka mpaka hadi Iten nchini Kenya, ambako ukingo wa Bonde la Kerio unafahamika kwa marubani wa paraglaida kutoka nchi nyingi. Kwa sababu hiyo wengi wanaoanza mchezo huu hapa mjini hudhani kwamba kati ya safari moja na nyingine hakuna la kufanya ila kusubiri, begi likiwa juu ya kabati. Mimi naona kinyume chake. Sehemu kubwa ya usalama wa rubani, pamoja na umri wa bawa lake, huamuliwa akiwa bado chini, na kwa mkazi wa jiji hili chini ni ufukweni, mahali panapofundisha vizuri na kuharibu vifaa haraka kwa wakati mmoja.

Kwanza tafuta mwalimu aliyehitimu. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, limepanga mafunzo ya paraglaida katika hatua 5, kuanzia kuambaa karibu na ardhi hadi safari ndefu za angani, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayopatikana kwa kutazama video. Pili, tambua kwamba anga la Dar es Salaam linadhibitiwa kwa ajili ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na kwamba ndege ndogo za kwenda Zanzibar hupita juu ya pwani mchana kutwa. Ruhusa ya kuruka ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, si suala la kukubaliana na mlinzi wa ufukwe. Ninayoeleza hapa chini kuhusu ufukweni ni mazoezi ya kulisimamisha na kulitawala bawa huku miguu yako ikiwa mchangani.

Upepo wa pwani hii una utaratibu, na anayeujua huokoa muda mwingi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi takriban kuanzia Mei hadi Oktoba. Juu ya pepo hizo kuu huongezeka upepo wa mchana, ambao huingia kutoka baharini jua linapokuwa limepasha nchi kavu joto, huzidi nguvu alasiri na kulegea jioni. Upepo utokao baharini ni laini kwa kuwa haujakutana na nyumba wala miti njiani, na ndio unaofaa kwa mwanafunzi. Alfajiri mambo hugeuka, kwani mara nyingi huwapo upepo wa umande unaotoka bara, uliokwisha kuvurugwa na mapaa na minazi, na unaosukuma kila kitu kuelekea majini. Upepo huo huo unaomsaidia mvuvi kutoka na ngalawa yake ndio unaoweza kumburuta mwanafunzi hadi kwenye mawimbi. Ukifika ufukweni na kuhisi upepo kisogoni huku ukiitazama bahari, usifungue begi.

Kuhusu nguvu ya upepo, zoea kuuliza kipimo kabla ya kuuliza namba. Utabiri mmoja huandika kilomita kwa saa, mwingine noti, mwingine mita kwa sekunde, na noti 20 ni takriban kilomita 37 kwa saa. Huo ndio karibu mwendo wote wa bawa la mwanafunzi linapoachiwa breki, yaani kamba za mkononi za kulipunguzia mwendo, maana yake katika upepo wa namna hiyo utaning'inia pale pale angani, na ukipanda juu kidogo, ambako upepo huwa na nguvu zaidi, utaanza kurudi nyuma. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo wa pwani unaofikia kilomita 40 kwa saa, tangazo hilo si la wavuvi peke yao. Kumbuka pia kwamba msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake: kilomita 20 kwa saa haisukumi mara 2 ya kilomita 10, bali mara 4. Asiye na kipima upepo aitazame bahari. Mapovu meupe yakiwa machache, huenda upepo ungali unafaa. Yakitapakaa kila upande, umekwisha kupita kilomita 20 kwa saa, na anayeanza afungashe.

Chagua mahali na saa kwa makini. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, ufukwe wa Kigamboni huwa mpana kiasi cha kutosha, lakini maji hayo hurudi haraka kuliko unavyodhani ukiwa umezama katika zoezi, na mchanga mpana uliotandazia bawa hugeuka ukanda mwembamba kati ya mawimbi na miti. Epuka penye matumbawe, nyavu zilizoanikwa, kamba za nanga na nguzo za umeme. Epuka vilevile Coco Beach siku ya Jumapili. Watoto watakuja mbio kulishika bawa, na kamba nyembamba iliyokazwa na upepo hukata kidole kama wembe. Kwa hiyo kuwe na mtu mzima asiye na kazi nyingine ila kuzungumza nao kwa upole na kuwaweka nyuma yako, upande upepo unakotoka. Vaa kofia ngumu, glavu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, hata kama huna nia ya kunyanyuka hata sentimita moja, kwa sababu mvumo mmoja wa ghafla haukuulizi nia.

Ukiburutwa, silika itakuambia uegemee nyuma na kushindana na bawa, na hapo ndipo utashindwa. Likimbilie. Kila hatua unayopiga kulielekea hulegeza kamba, na wakati huo vuta breki ya upande mmoja, mkono baada ya mkono, hadi kitambaa kikunjamane na kulala. Zoezi hili lifanywe kwa makusudi katika upepo mdogo, tena na tena, mpaka mwili ulitende bila kushauriana na akili. Ikiwa bahari iko upande unaoburutwa kuelekea, hukupaswa kuwa umejifunga; lakini ukijikuta majini, fungua vifungo vya kiti upesi ujitoe, kwani mawimbi hujaza bawa maji na kulifanya nanga, na sponji ya kinga iliyo mgongoni huelea na kumgeuza mtu kifudifudi.

Sasa nije kwenye matunzo, jambo ambalo naona linapuuzwa zaidi. Kitambaa cha paraglaida ni nailoni nyepesi sana iliyopakwa utando unaozuia hewa kupenya. Utando huo ukichakaa, hewa hupita katika kitambaa, bawa huwa zito kuinuka, na hatimaye huweza kushuka wima kama mwavuli badala ya kusonga mbele. Jua, chumvi, mchanga, joto na unyevu vyote hushambulia utando huo, na jiji letu lina vyote vitano kwa wingi. Kwa sababu hiyo nashauri bawa la mazoezi ya ufukweni liwe lile kuukuu lililostaafishwa kuruka, na bawa la mlimani lisiujue mchanga wa Kigamboni kabisa.

Mchanga hujificha ndani ya vyumba vya bawa, ile mifuko inayojaa hewa kati ya tabaka zake mbili, na kukusanyika kwenye ukingo wa nyuma, ambako husugua mishono na kuongeza uzito mahali pabaya. Shika ukingo wa nyuma, uinue, ukung'ute taratibu ili mchanga utokee kwenye midomo ya mbele. Mabawa mengi pia yana tundu lenye velkro katika ncha kwa kazi hiyo. Bawa likiingia maji ya chumvi, litolewe vivyo hivyo kwa kuinua ukingo wa nyuma ili maji yamwagike, wala lisikokotwe likiwa limejaa. Kisha lisuuzwe siku hiyo hiyo kwa maji mengi yasiyo na chumvi, bila sabuni wala brashi, kwa kuwa chumvi ikikauka huacha punje zinazokwaruza nyuzi na kuvuta unyevu. Hapa kuna mtego wa kwetu: visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na pwani, vina maji ya munyu, na kusuuza chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Onja kwanza. Yakikosa ladha ya chumvi, endelea. La sivyo tumia ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au ya mvua uliyoyakinga. Karabina (pete za chuma zinazounganisha kiti na bawa), roda za breki na viungo vya chuma visuuzwe pia, kwani kutu huanzia mahali pasipoonekana.

Kukausha kufanyike kivulini au ndani ya nyumba chini ya feni, bawa likiwa limetandazwa kwa ulegevu juu ya kamba nene au viti. Kulianika juani kama shuka ni kulizeesha kwa hiari. Vilevile usiliache wazi kiwanjani unapokula au kupiga soga. Likunje au lifunike. Likishakauka kabisa, likunjwe kwa kufuatisha mbavu zake, chumba juu ya chumba, bila kukunja vile vijiti vya plastiki vilivyo mdomoni. Wakati wa masika fungua begi mara kwa mara lipate hewa, kwani ukungu hauhitaji siku nyingi, na weka begi mbali na sakafu ili kuwanyima panya makazi. Mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhia ni buti ya gari: gari likiegeshwa juani Kariakoo kwa saa chache, joto la ndani hupanda kiasi cha kudhuru utando wa kitambaa na kamba zenyewe.

Kamba zina tabia zake. Zile za Dyneema, aina ya nyuzi imara za plastiki, husinyaa taratibu zisipobeba uzito, na kwa kuwa za nyuma hubeba kidogo kuliko za mbele, za nyuma ndizo hupungua urefu zaidi. Matokeo yake bawa hukaa kana kwamba breki imevutwa kidogo muda wote, na hukaribia kuishiwa mwendo bila rubani kujua sababu. Zile za aramidi, aina nyingine ya nyuzi za viwandani, hazisinyai sana, lakini huchoka kwa kukunjwa mara nyingi mahali pamoja na kwa kupigwa jua. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza ukaguzi kamili, wa kupima urefu wa kamba na upenyaji wa hewa, kila baada ya miaka 2 au saa 100 za kuruka, kinachotangulia. Tundu dogo la kitambaa lililo mbali na mshono unaweza kulifunika kwa plasta maalumu ya nailoni. Lisilofaa ni kumpelekea fundi cherehani, hata awe hodari namna gani, kwa sababu uzi, urefu wa mshono na mkazo wake vyote huathiri umbo la bawa.

Elimu hiyo ndiyo inayomlinda mnunuzi wa bawa la mtumba. Usinunue rangi. Dai kumbukumbu za ukaguzi. Muuzaji asipokuwa nazo, hesabu gharama ya ukaguzi katika bei au achana naye. Hakikisha bawa ni la daraja A la kiwango cha Ulaya cha EN 926, ambalo limekusudiwa kumsamehe mwanafunzi, na kwamba uzito wako unalifaa. Uzito unaoandikwa kwenye lebo ni wa jumla wakati wa kuondoka, hivyo mtu wa kilo 70 aongeze kilo 15 hadi 20 za vifaa na nguo. Bawa kubwa mno kwa rubani mwepesi hukosa mkazo na hujikunja kwa urahisi hewa inapochafuka.

Siku ya mlimani ikifika, ukaguzi wa mwisho ufanywe kwa mkono na kwa sauti: mikanda ya miguu, kofia, mkanda wa kifua, karabina, pini ya parachuti ya akiba, kamba, midomo ya bawa, upepo, anga. Gusa kila kimoja na ukitaje. Mikanda ya miguu itajwe ya kwanza na irudiwe mwisho, kwani kuisahau kumewaua marubani wenye uzoefu. Mtu akikusalimu katikati ya ukaguzi, mwitikie kwa adabu, kisha anza upya tangu mwanzo. Ruka asubuhi au jioni, wakati joto la ardhi halijachafua hewa, na wingu la mvua ya radi likionekana, hata likiwa mbali, usiruke, maana upepo unaolitangulia hufika kabla yake.

Parachuti ya akiba, ambayo wengi hawaiwazi kwa kuwa haijawahi kuwafaa, ndiyo inayoumizwa zaidi na unyevu wa hapa. Imefungwa kwa kubana, haipati hewa, na tabaka zake huanza kushikana. Ifunguliwe, ianikwe kivulini na ifungwe upya na mtu aliyefundishwa, kila baada ya miezi 6 badala ya 12. Kabla ya kuifungua, itumie kwa zoezi: ning'iniza kiti kwenye tawi imara au boriti, ukae ndani, ufumbe macho, utafute mpini kwa mkono, uvute na kutupa. Ikiwa pini haitoki kwa mvuto mmoja, au mpini haufikiwi kwa sababu ya jaketi uliyovaa, mpelekee fundi wa vifaa hivyo kiti chote pamoja na jaketi hilo.