Mbona Milima Yangu Inasinyaa?

SWALI: Katika tamthilia ya Yellowstone, milima ya Montana humwinamia mpanda farasi. Mimi nikirekodi kwa lenzi ya milimita 24, inakuwa vichuguu. Nakosea wapi?

JIBU: Kwanza, si yote ni Montana: misimu mitatu ya mwanzo ilirekodiwa zaidi Utah, ingawa nyumba ya ranchi iko Darby, Montana.

Kosa lako ni umbali. Ukimsogelea mhusika kwa lenzi pana, yeye anakuwa mkubwa na mlima unabaki mdogo. Rudi nyuma mita 40 hivi, weka lenzi ya milimita 200, naye atajaa fremu kama awali huku mlima ukipanda nyuma yake. Lenzi haivuti mlima. Ni miguu yako iliyobadilisha uwiano.

Hasara ya lenzi ndefu kama hiyo ni mtetemo wa hewa yenye joto. Adhuhuri hewa iliyo juu ya ardhi huchemka na lenzi ndefu huukuza mtetemo huo hadi picha ionekane haina fokasi. Hakuna filta inayouondoa. Rekodi alfajiri, au panda mahali palipoinuka.

Jua likiwa kali, kwa ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi) na shata 1/50 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga huingia), utahitaji filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 7; kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Wengi huongeza kasi ya shata badala yake, na mwendo wa farasi unakuwa wa kukatikakatika. Filta ya polaraiza, inayochuja mwanga wa mwelekeo fulani, hukoza anga iliyo ubavuni mwa jua, nyuzi 90 kutoka lilipo, lakini kwenye lenzi pana huacha doa jeusi angani.