Hifadhidata ya simu niliichagua kwa mbwembwe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, natengeneza programu ya kuhesabu mali ghalani, watu watazunguka na vifaa vya mkononi. Nitumie hifadhidata gani?" Nilicheka, ila si kwa dharau. Swali hilohilo niliwahi kulijibu vibaya, tena mbele ya mteja.

Kwenye seva nilikuwa fundi. PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa kwenye seva, nilikuwa naijua nje ndani, wenzangu walikuwa wakikwama wananiita. Nilipopewa kazi ya kwanza ya vifaa vya mkononi, SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe, niliiona kama kitu cha wanafunzi. Faili moja tu? Haina seva, haina hata nywila? Nikaipita, nikachagua injini ya hifadhidata ya kulipia, iliyokuja na njia yake ya kusawazisha data za vifaa na za seva. Siku ya maonyesho ilipendeza mno, nikapigiwa makofi. Haukupita muda mrefu, wenye injini wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena. Barua pepe nilizowaandikia na majibu niliyopata sitaki kuyarudia hapa, bado yananiuma. Tulihamisha kila kitu upya, na mteja hakusema hata asante.

Basi nikairudia SQLite kichwa chini. Ipo tangu mwaka 2000, na Richard Hipp aliyeianzisha aliiachia umma, kwa hiyo hakuna wa kuamka siku moja akakunyang'anya leseni. Tayari imo ndani ya Android na iOS. Na ule ukosefu wa seva nilioucheka ndio unaoifaa simu: programu ikilala, hakuna kingine kinachobaki macho kikila betri. Kuna watu huniambia kwa majivuno, "Mimi situmii SQLite, natumia Room." Ndugu yangu, Room ni maktaba ya Android ya kurahisisha kazi tu, chini yake kuna SQLite hiyohiyo.

Ila kiburi ni ugonjwa sugu. SQLite nikaiandikia kama vile naiandikia PostgreSQL. Kwenye simu yangu mpya kila kitu kilikwenda sawa. Tukafika ghalani, mfanyakazi akaskani boksi la kwanza, programu ikajifunga. Akaifungua, akaskani tena, ikajifunga tena. Akanitazama bila kusema neno. Nilipochomeka waya kwenye kompyuta nikasoma: near "ON": syntax error. Saa mbili nzima natafuta herufi iliyokosewa, na hakuna iliyokosewa! Nilikuwa nimetumia ON CONFLICT DO UPDATE, amri ya kusasisha mstari kama tayari upo, iliyoingia kwenye SQLite toleo 3.24, mwaka 2018. Vile vifaa vilikuwa na Android 9, na Android 9 inakuja na SQLite 3.22. Hata Android 10 ni hivyohivyo. Android 11 ndiyo iliyoruka hadi 3.28. Ile SQLite ya mfumo huisasishi wewe, inakwenda na toleo la mfumo wenyewe. Usiku ule nikafungasha SQLite yangu ndani ya programu. Programu ikanenepa kidogo, lakini asubuhi boksi la kwanza likapita.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: angalia kifaa kilichoko mkononi mwa mtumiaji. Wa pili ni huohuo, maana najua wa kwanza hamtausikia.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Funguo za kigeni, yaani viungo vya jedwali moja na jingine, SQLite haizikagui mpaka useme PRAGMA foreign_keys = ON, na unasema kila unapofungua muunganisho; mimi nilikuja kugundua baada ya kukuta mistari yatima ya bidhaa zilizokwisha kufutwa. Safu uliyoiita INTEGER itapokea neno "kumi" bila kulalamika, isipokuwa jedwali umelitangaza STRICT, na hiyo inataka toleo 3.37 kwenda mbele. Orodha ndefu ya bidhaa usiiingize mstari mmoja mmoja, kwa sababu kila mstari unakuwa muamala wake na unasubiri hifadhi ithibitishe. Izungushie BEGIN na COMMIT, yote iwe muamala mmoja, uone tofauti. Washa WAL, namna ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, ili wanaosoma wasimsubiri anayeandika, ingawa mwandishi hubaki mmoja kwa wakati. Na kifaa kikiibwa, faili la SQLite ya kawaida linasomeka wazi. Kama kuna taarifa za watu ndani, tafuta SQLCipher, SQLite inayofunga faili kwa usimbaji, mapema, siyo baada ya wizi.

Vijana wenzangu, tunapenda sana kuchagua vitu vya kututambulisha. Tunataka mtu akisikia jina la hifadhidata yetu aseme "huyu anajua". Yule aliyesimama ghalani na boksi mkononi jina hilo halijui wala hana haja nalo. Anataka namba aliyoiskani saa nne asubuhi aikute jioni, hata kama betri iliisha katikati.

Sasa wewe uliyeniandikia: hujaniambia vifaa vyenyewe ni vipi. Chukua kile kikuukuu kuliko vyote pale ghalani, endesha juu yake SELECT sqlite_version(), unitumie namba itakayotoka. Tutaanzia hapo.