Kabla hujaandika "dabi"

Wewe unayeanza dawati la michezo, nikuambie mapema habari ya neno dabi, maana lilishanitoa jasho.

Wiki zangu za kwanza nilipewa habari ya Kiingereza niitafsiri haraka, kurasa zinakaribia kufungwa. Nikaona "Derby", nikaandika kwamba Derby County, klabu ya soka ya Uingereza, wanapewa nafasi kubwa ya kushinda. Mhariri akasoma, akavua miwani. "Hawa wachezaji wako wote wana miaka 3?" Kumbe ilikuwa habari ya farasi.

Na kwa farasi ndiko neno lilikoanzia. Mwaka 1780, huko Epsom, Uingereza, zilianza mbio za farasi wa miaka 3 zilizobeba jina la mwenye cheo mmoja, Earl wa 12 wa Derby. Wamarekani nao wakaanzisha za kwao Kentucky mwaka 1875. Mmarekani pia anaweza kukwambia amevaa derby. Hiyo ni kofia. Kwa hiyo jiulize kwanza: farasi, kofia, klabu au mechi? Matamshi tumeyachukua kwa Waingereza. Usiniletee "derbi".

Kwenye soka, dabi ni ya majirani. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zote ni za Kariakoo. Kutoka Jangwani kwa Yanga hadi Msimbazi kwa Simba unakwenda kwa miguu. (Hata Kariakoo ni Kiingereza kilichomezwa: Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.) Simba au Yanga wakicheza na Azam tunaita Dabi ya Mzizima, jina la kale la Dar es Salaam. Nairobi, Gor Mahia na AFC Leopards wana Dabi ya Mashemeji, kwa jinsi Waluo na Waluhya walivyooana. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Waitaliano wameivunja kanuni: Juventus ya Turin na Inter ya Milan wanaiita dabi ya Italia. Waachie wenyewe. Kwako, Yanga akienda Mbeya ni mechi kubwa, basi. Prisons na Mbeya City, zote za Mbeya, ndiyo dabi, hata jukwaa likiwa nusu tupu.

Halafu ukiandika "mechi ya dabi", nafuta "mechi ya".