Feni kwenye banda la farasi: inapooza au inapuliza joto tu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi ni mtu wa Tanga ila kwa sasa niko Barka huku Oman, nafanya kazi ya usaisi. Banda letu ni la bati, kuta za tofali zimeenda mpaka juu. Tajiri kanunua feni za kusimama zile za dukani kaweka moja mlangoni kwa kila farasi, zinazunguka mchana kutwa lakini wanyama bado wanahema, na kuna dume moja la mbio hata jasho halitoki. Tajiri anasema tuongeze feni, mi naona tunapuliza joto tu. Niko sawa? – Saisi, Barka

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uko sawa nusu. Feni haipoozi hewa hata kidogo, kazi yake ni kuisukuma ili jasho likauke haraka, na jasho likikauka ndio linaondoka na joto la mwili. Sasa hapo Barka kiangazi hewa ni ya moto na bado imejaa unyevu wa bahari, jasho linagoma kukauka, na hewa ikishapita joto la ngozi ya farasi, ambalo ni nyuzi 35 hivi, ukimpulizia akiwa mkavu ni kama umemsimamisha mbele ya mdomo wa tanuri. Na joto la kwenu sio la kusimuliwa, Juni 2018 pale Quriyat ilipita siku nzima, usiku na mchana, halijashuka chini ya nyuzi 42.6!

Kwa hiyo mloweshe kwanza. Maji shingoni, kifuani, mgongoni, na ndani ya mapaja ambako mishipa iko karibu na ngozi, afu ndio feni impige, akikauka unarudia. Hapo utaona tofauti bila kuongeza feni hata moja. Wenzenu wa Nizwa ambako ni kukavu wanaweza kutumia feni zinazopuliza ukungu wa maji zikawafaa sana, ila huko pwani ukungu unaishia kulowesha maranda na kulifanya banda zima lifuke mvuke.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo feni zenyewe. Feni ya nyumbani mota yake iko wazi, na banda la farasi ni vumbi la majani makavu na maranda saa zote, vumbi likiingia mota inachemka, na hapo pembeni kila kitu kinashika moto. Mwambieni tajiri atafute zile za mashambani ambazo mota imefungwa kabisa. Waya upite ndani ya bomba, maana farasi anatafuna chochote kinachoning'inia, na fundi aweke breka inayokata umeme ukivuja kwa sababu hapo mnamwaga maji kila saa. Ekstensheni zilizoungwa-ungwa sakafuni toeni leo hii. Na feni isikae chini, itawarushia vumbi lote puani, ining'inizwe juu mdomo wa farasi usikofika, ipulize kwa upande na sio machoni, na ibaki kona moja isiyo na upepo ili akichoka asogee. Ukiona kila mara anajibanza kwenye hiyo kona, geuza feni.

Kuta sasa. Tofali mpaka juu maana yake hewa ikiingia haina pa kutokea, feni inazungusha ileile ya moto. Bomoeni nusu ya juu kati ya chumba na chumba muweke nondo, fungueni upenyo kwenye kilele cha paa hewa moto itokee huko, na chini ya bati pigeni kitu cha kuzuia joto. Mi hela ningeanza kuimwaga hapo kabla ya kununua feni nyingine.

Huyo dume asiyetoka jasho ni mgonjwa, usimsubirishe. Kuna farasi wanaacha kutoka jasho wakikaa sehemu za joto na unyevu, ngozi inakuwa kavu, anahema kama katoka mbio na kasimama tu, pengine kijasho kidogo chini ya manyoya ya shingo. Feni peke yake kwake haina kazi kwa sababu hakuna cha kukausha, maji ndio jasho lake. Daktari wa mifugo amuone, na mazoezi yawe alfajiri tu au yasiwepo kabisa. Nunueni kipimajoto, ni bei ya chai. Kwa kawaida joto la mwili wa farasi ni nyuzi 37.5 hadi 38.5 na anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika akiwa ametulia. Ukikuta 40 na amesimama tu bandani, mwagia maji huku unapiga simu. Maji ya kunywa yasikatike, kwenye joto hilo farasi mmoja anaweza kupita lita 60 kwa siku, na jiwe la chumvi liwepo maana jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu.

SWALI: Huku Diani tunatembeza watalii kwa farasi ufukweni. Wazee wanasema ukimmwagia maji baridi akiwa na jasho anakamatwa misuli. Kweli? – Msomaji, Kwale

JIBU: Si kweli kaka, japo hata mafundi wakubwa waliiamini miaka na miaka. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta 1996 wataalamu walilifanyia utafiti jambo hili sababu waliogopa joto la kule, wakakuta maji baridi yanamshusha farasi joto vizuri na misuli haipati shida. Mwagia tu, mengi, mfululizo, afu mtembeze taratibu kivulini kwenye upepo wa bahari. Ila yawe maji ya bomba au kisima, ya bahari yakikaukia mgongoni yanaacha chumvi na tandiko litamchubua.

SWALI: Niko Nairobi, ninunue feni? – M.

JIBU: Hapana. Fungua madirisha, usiku huko wanaona baridi.